Bordeaux hadi Naurouze: Kwa Baiskeli Kando ya Mifereji ya Ufaransa

Safari hii tuliifanya mwezi wa Septemba, mimi na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye makazi yake ni Toulouse. Naiandika nikiwa nimesharudi Tanga, mbele yangu daftari nililokuwa nikilijaza kila jioni na picha za simu zenye saa na tarehe zake. Ndugu na marafiki wameniuliza sana habari ya njia yenyewe: inapita wapi, unalala wapi, unakula nini, inagharimu kiasi gani. Basi nimeyatia humu, maana ningefurahi kuona mtu mwingine wa kwetu akiipita.

Kwanza njia. Kutoka Bordeaux unafuata reli ya zamani iliyong'olewa vyuma na mataruma ikawekwa lami, mpaka mji mdogo wa Sauveterre-de-Guyenne. Kisha kuna kipande cha barabara ya kawaida hadi La Réole. Ukivuka mto hapo unaukuta Mfereji wa Garonne, wenye kilomita 193, uliochimbwa kati ya 1838 na 1856, na pembeni yake njia ya lami inayokupeleka hadi Toulouse. Toulouse ndipo unapoanza mfereji mkongwe zaidi, Canal du Midi, unaokwenda mpaka upande wa Mediterania. Sisi tuliupanda hadi Naurouze, kileleni mwake, tukamalizia Castelnaudary. Ukiacha kile kipande cha La Réole na mitaa ya mijini, karibu njia yote haina gari. Wafaransa wanaiita voie verte, na sheria yao ya barabarani inaitambua kuwa ni ya waendao kwa miguu, baiskeli na viti vya magurudumu.

Mimi ni mtu wa Tanga, mji wa baiskeli. Nimeendesha tangu miguu haijafika kwenye pedali nikiwa juu ya tandiko, na miaka yote hiyo sikio langu moja limekuwa nyuma, linasikiliza lori. Nilitamani kuiona nchi ambayo njia zake za kazi zilipostaafu, za treni na za farasi waliokuwa wakivuta mashua, watu wa miguu na wa baiskeli walirithishwa wao.

Kwa atakayetoka Afrika Mashariki: ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari inatakiwa kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Ukifikia kwa ndugu, yeye huenda ofisi ya manispaa ya kwake kuchukua hati ya mwaliko, nayo inalipiwa stempu ya euro 30. Aanze mapema, kwa sababu hati hiyo huenda ikachukua wiki kadhaa, na bila hiyo utadaiwa uthibitisho wa hoteli kwa kila usiku.

Ijumaa. Toulouse hadi Bordeaux, kwa treni

Baiskeli zilikuwa za shemeji. Moja ni yake ya kila siku, ya pili aliinunua mtumba kwa euro 180 na kuifanyia matengenezo: mnyororo mpya, breki mpya, tairi pana kidogo, keria ya nyuma ya kubebea mifuko miwili. Huhitaji zaidi ya hapo. Atakayekodi ajitayarishe kwa euro 15 hadi 20 kwa siku.

Treni ya masafa marefu inadai ulipie nafasi ya baiskeli mapema. Sisi tulilipa euro 10 kila moja juu ya nauli. Iliondoka Toulouse imechelewa kwa saa nzima na dakika kadhaa. Kondakta alipita akitusaidia kuzining'iniza baiskeli kwenye ndoano, gurudumu la mbele juu, akaangalia ramani yetu na kuweka kidole Moissac. "Hapo msipite tu, laleni," akasema. Tulimtii.

Jumamosi. Bordeaux hadi Sauveterre-de-Guyenne

Tulitoka saa mbili asubuhi na kuuvuka Mto Garonne kwa Pont de pierre, daraja la mawe lenye matao 17 lililofunguliwa 1822. Siku hizi magari binafsi hayapiti juu yake. Ni tramu, mabasi, baiskeli na watu, na Jumamosi ile asubuhi baiskeli zilikuwa nyingi kuliko vyote. Ng'ambo unageuka kulia, unaufuata mto kuelekea juu mpaka Latresne, na hapo reli ya zamani inaanza.

Njia hii inaitwa kwa jina la Roger Lapébie, aliyeshinda Tour de France mwaka 1937. Mwaka huo ndio waandaaji walipowaruhusu waendeshaji wa timu kubwa kutumia gia za kuhamisha mnyororo, naye akawa bingwa wa kwanza kushinda akiwa nazo. Shemeji alinisomea habari hiyo tukiwa tumepumzika, nikazitazama gia zangu kwa heshima mpya.

Reli haipandi kwa ghafla. Aliyeijenga ilimlazimu kuulainisha mlima kwa ajili ya injini ya mvuke: hapa akachimba, pale akajaza, kwingine akatoboa handaki. Matokeo yake ni kwamba unapanda kilomita nyingi bila kujua unapanda, isipokuwa mapaja yanakuambia. Msituni kulikuwa na kivuli na ubaridi mzuri. Stesheni za zamani bado zipo, na ile ya Créon imekuwa kituo cha waendesha baiskeli, yenye ramani, baiskeli za kukodi na choo.

Kilichonishangaza ni watu. Nilitegemea wanamichezo waliovaa nguo za kubana. Wapo, lakini nilimwona babu akimfundisha mjukuu wake kuendesha bila kuinuka kutoka kwenye benchi alilokaa, maana hakuna kitu kitakachompitia mtoto yule. Nikamwona mama anasukuma kigari cha pacha, na kijana kwenye kiti cha magurudumu anachokiendesha kwa mikono, kasi yake kubwa kuliko yetu. Watoto wa miaka saba au minane walikuwa wanakwenda peke yao kutoka kijiji hadi kijiji. Nilisimama nikawatazama wale watoto kwa muda. Sijawahi kumruhusu wangu hata afike dukani kwa baiskeli.

La Sauve kuna magofu ya abasia, makao ya watawa wa Kikristo, iliyoanzishwa 1079. Paa limeanguka lakini nguzo na mnara vimesimama, na mbingu inaonekana pale ambapo zamani kulikuwa na dari. Ilikuwa moja ya vituo vya mahujaji wa Kikristo waendao Compostela, Hispania, na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1998 pamoja na njia hizo. Kutoka hapo misitu inapungua, mizabibu inatawala. Mavuno yalikuwa yameanza. Mzee mmoja aliyekuwa kando ya trekta alituona tunatazama chupa zetu tupu, akatuita kwa mkono, akatujazia maji kwenye bomba la ghala lake na kutuwekea vishada vya zabibu nyeupe juu ya mfuko wa usukani. Hakuuliza tunatoka wapi mpaka tulipokuwa tunaaga.

Sauveterre-de-Guyenne ni mji uliopangwa kwa mistari iliyonyooka, ulioanzishwa 1281 na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, enzi ambazo eneo hili lilikuwa chini yake. Milango yake minne ya mawe ipo mpaka leo, na katikati kuna uwanja wenye vibaraza vya matao pande zote. Tulilala nyumba ya watu wanaopangisha vyumba: euro 70 kwa wawili, na kifungua kinywa cha mkate, siagi, jamu na kahawa nyingi.

Usiku ule tulipoitafuta kibla kwa simu, ilitokea ni ule upande tuliokuwa tunakwenda kesho yake, kusini mashariki. Ilibaki hivyo karibu safari yote, na shemeji alilifurahia jambo hilo kila jioni.

Jumapili. Sauveterre hadi Meilhan-sur-Garonne

Jumapili duka la mikate linafunguliwa asubuhi na kufungwa adhuhuri, na baada ya hapo usitegemee kitu. Nunueni cha mchana na cha usiku kwa pamoja. Sisi tulichukua mikate mirefu miwili, jibini, nyanya, mayai ya kuchemsha na mapera ya Kizungu, jumla kama euro 13.

Kisha ikaja ile barabara ya kawaida, kama kilomita 14 hadi La Réole. Si barabara mbaya. Ina magari machache na madereva walitupisha kwa adabu. Lakini nilijisikia nikibadilika ndani ya dakika tano. Mabega yakapanda, sikio likarudi nyuma, mazungumzo yakakatika kwa kuwa tulilazimika kufuatana mmoja mmoja. Siku iliyotangulia tulikuwa tumekwenda bega kwa bega tukizungumza habari za marehemu baba mkwe, habari ambazo hatujawahi kuzizungumza kwa urefu ule tangu mazishi. Barabara yenye gari haikupi nafasi hiyo hata pale inapokuwa salama.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa La Réole. Tulijificha chini ya kibaraza cha soko pamoja na mama mtu mzima aliyekuwa na mbwa wake. Alituhadithia kwa mikono na Kifaransa cha polepole jinsi Garonne unavyofurika, akatuonyesha mahali ambapo maji yalifika ukutani. Mvua ilipokatika, alitusindikiza mpaka kwenye daraja ili tusikose njia ya kwenda Fontet, ng'ambo ya mto.

Na hapo Fontet, mfereji. Maji ya kijani yaliyotulia, miti mirefu pande zote mbili, na lami laini pembeni isiyo na mashimo. Penye mteremko wamejenga chumba cha maji chenye malango mawili: mashua inaingia, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajazwa au yanapunguzwa, nayo inapanda au kushuka kama ngazi moja. Mfereji wa Garonne una vyumba hivyo 53. Kwa mwendesha baiskeli kila kimoja ni kilima kifupi cha mita chache, halafu unarudi kwenye usawa. Kutoka baharini kuelekea Toulouse unapanda, lakini kidogokidogo kiasi kwamba hata mwenye mzigo mzito hateseki.

Meilhan tulipiga hema kando ya gati ya mashua, euro 14 kwa wawili pamoja na bafu ya maji ya moto. Kijiji kiko juu ya jabali, na ukipanda unaona mto, mfereji na mashamba yote ya bondeni kwa mara moja.

Jumatatu. Meilhan hadi Buzet-sur-Baïse

Jumatatu ndiyo siku ngumu kuliko Jumapili. Maduka mengi ya mikate, migahawa na makumbusho vijijini hufungwa, kwa kuwa yalifanya kazi mwishoni mwa wiki. Na siku yoyote ile, maduka madogo hufungwa tangu saa sita au saa sita na nusu hadi saa nane mchana au zaidi. Kuhusu maji, kuna jambo alilotufundisha mwendeshaji mmoja: tafuta makaburi ya kijiji. Karibu kila makaburi yana bomba kwa ajili ya watu wanaomwagilia maua. Ukiona maandishi "eau non potable", hayo si ya kunywa. Tuliingia kwa salamu na utulivu, tukajaza, tukatoka.

Le Mas-d'Agenais uko juu kidogo ya mfereji, nao ni kijiji cha kupandia kwa makusudi. Ndani ya kanisa lake la Saint-Vincent kuna mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1631, Yesu akiwa msalabani, giza tupu nyuma yake. Mimi si Mkristo wala si mjuzi wa michoro, lakini uso ule ulinisimamisha. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hawakuupeleka Paris ukakae huko. Ni wa kijiji.

Mbele ya Damazan tairi ya shemeji ilipata pancha, kipande cha kioo. Kubandika kiraka si tatizo kwa watu wa Tanga, tatizo lilikuwa pampu yetu, kichwa chake kilipasuka mkononi. Tukawa tunakokota. Mashua moja ilikuwa imefungwa kwenye miti, maua ya chungu juu ya paa, na bwana mmoja wa makamo anakunywa kahawa. Alitazama gurudumu, akaingia ndani bila kusema neno, akatoka na pampu ya mguu. Mkewe akatoka na vikombe viwili. Walikuwa wamestaafu, wanaishi majini tangu masika hadi mvua za vuli, wanatembea polepole kuliko sisi. Alipoona pampu yetu alitafuta kwenye sanduku lake akatupa nyingine ndogo, ya zamani, ya chuma. Tulipotaka kulipa alikataa, akasema na yeye alipewa. Ile pampu imebaki kwa shemeji, nami nimemwomba aendelee kuibeba kwa ajili ya mwenzetu mwingine atakayekwama.

Jumanne. Buzet hadi Agen

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na korongo wa kijivu walisimama kila baada ya mita mia mbili. Wanakuacha ukaribie, halafu wanaruka mbele kidogo, ukifika wanaruka tena.

Hii ni nchi ya plamsi. Zile zetu za Lushoto zinazouzwa kwenye ndoo pale Mombo ni ndugu zao, ila za huku ni ndefu, nyeusi kuelekea zambarau, na hukaushwa. Inachukua takriban kilo tatu za tunda bichi kupata kilo moja ya kavu, na jina la Agen linajulikana Ufaransa nzima kwa ajili hiyo. Tulinunua nusu kilo kwenye meza ya shamba kwa euro 4, tukaiweka kwenye mfuko wa mbele, na chakula cha njiani hakikutusumbua tena. Naziamini kuliko biskuti zote za wanamichezo.

Kabla ya kuingia Agen kuna vyumba vinne vya maji vinavyofuatana, na ukimaliza kuvipanda unakuta kitu ambacho picha zangu hazikukitendea haki. Mfereji unavuka mto. Ni daraja la mawe lenye matao 23 na urefu wa mita 539, na juu yake hakuna barabara, kuna maji yenye mashua, na ukingo wa kupita miguu na baiskeli. Garonne inapita chini, pana na yenye haraka. Tulisubiri mashua moja ivuke ili tuione. Abiria walitupungia, watoto wa shule waliokuwa na mwalimu wao wakashangilia. Limekuwa likifanya kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19.

Kuhusu kula: sisi ni Waislamu, na kusini magharibi mwa Ufaransa nguruwe na bata wako kwenye karibu kila sahani. Vijijini tuliishi kwa mikate, jibini, mayai, samaki wa kopo na saladi, na tulishiba. Kwenye miji kama Marmande, Agen na Montauban zipo bucha za halali, kwa sababu watu wengi wa asili ya Moroko wamekaa eneo hili miaka mingi, wengi wao walikuja kwa kazi za mashamba. Agen tuliingia duka la vyakula kununua dengu. Mwenye duka aliposikia salamu yetu alituuliza tunatoka wapi. "Tanzania, ammi," shemeji akamjibu. Akatukalisha nyuma ya duka, akaita mtoto wake alete chai ya nanaa na mkate wa semolina wenye asali. Dengu alikataa kuzipokelea pesa. Tulilala hoteli ndogo karibu na stesheni, euro 55, baiskeli zikalala kwenye ukumbi wa kulia chakula.

Jumatano. Agen hadi Moissac

Kilomita 45 hivi, tambarare. Sehemu ya kwanza haina mengi: miti, maji, wavuvi. Kabla ya Valence d'Agen upeo umejaa minara miwili ya kupozea ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Golfech, yenye mita 178 kila mmoja. Unaiona mapema sana na inakusindikiza kwa muda mrefu.

Halafu yakaja matufaha. Mashamba yalifika hadi ukingoni mwa njia, na wavunaji walikuwa wamekaa kwenye nyasi kwa mapumziko ya mchana. Wengine Wamoroko, wengine kutoka Bulgaria. Walitupa nafasi kivulini. Kijana mmoja aliniambia yeye huja kwa msimu, miezi kadhaa, kisha hurudi kwa familia yake, na kwamba njia ya mfereji ndiyo anayoitumia kwenda shambani alfajiri kwa baiskeli yake, kwa kuwa barabara kubwa inamtisha. Nilikuwa nimeifikiria njia ile kama mahali pa likizo. Kumbe asubuhi ni ya wafanyakazi na wanafunzi, na sisi wenye mifuko tunakuja baadaye.

Moissac tulimfuata kondakta, tukalala kwenye nyumba ya mahujaji, euro 20 kitanda. Ua wa ndani wa abasia ya Saint-Pierre ulikamilika mwaka 1100, kama jiwe lake lenyewe linavyosema. Ni ua wa mraba uliozungukwa na nguzo nyembamba, na vichwa 76 vya nguzo vimechongwa, kila kimoja kwa namna yake: manabii, wanyama, majani, hadithi za Agano la Kale. Reli ya katikati ya karne ya 19 ilipojengwa, sehemu za majengo ya watawa zilibomolewa na ua huu uliponea chupuchupu. Treni bado zinapita ubavuni mwake. Nilikaa hapo mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Alhamisi. Moissac hadi Montech

Ukitoka tu Moissac kuna daraja jingine la maji, la Cacor, mita 356 juu ya Mto Tarn. Machi 1930 yalitokea mafuriko makubwa yaliyoua watu wengi Moissac na kulichukua daraja la reli. La mfereji lilistahimili. Basi wakatandika reli kwenye ukingo wake, mahali palepale tulipopita na baiskeli, na kwa muda treni zikavukia hapo. Shemeji, ambaye kazi yake ni ya ufundi, alishuka akapima upana kwa hatua na kutikisa kichwa.

Karibu na Castelsarrasin njia ilifungwa kwa matengenezo ya ukingo. Kibao cha njano kilituelekeza kwenye barabara za mashambani, tukapoteza kama saa moja na nusu kati ya mahindi na alizeti zilizokwisha kukauka. Kabla ya kuondoka kila asubuhi ni vizuri kuuliza kwenye ofisi ya utalii ya mji uliolala. Wanajua vipande vilivyofungwa.

Montech kuna mtambo ambao sijaona mwingine wa namna ile. Mwaka 1974 walijenga mteremko wa zege, na treni mbili za dizeli zisizo na behewa, moja kila upande, zilisukuma ukuta wa chuma uliosukuma maji pamoja na mashua iliyoelea ndani yake, kwenda juu. Ulikuwa ukizikwepesha mashua vyumba vitano vya maji. Uliacha kazi 2009, na sasa ni mahali pa kutembelea, treni zikiwa zimepakwa rangi upya. Tulipiga hema karibu.

Ijumaa. Montech hadi Toulouse

Mfereji umenyooka, reli upande mmoja, viwanda vinaanza kabla hujafika. Tulikwenda kwa kasi na kuingia mjini kwenye Ponts-Jumeaux, mahali mifereji mitatu inapokutana. Mdogo wangu alikuwa ameshapika pilau.

Jumapili. Toulouse hadi Naurouze na Castelnaudary

Baada ya siku moja ya kupumzika tulianza Canal du Midi. Huyu ni mkubwa wa yule wa Garonne kwa karibu miaka mia mbili. Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji wa kodi ya chumvi, alipata idhini ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne mwaka 1666, kazi ikaanza mwaka uliofuata. Shida iliyokuwa imewashinda waliomtangulia ni maji: mfereji unaovuka mwinuko utayapata wapi huko juu? Riquet alikwenda kuyachukua kwenye vijito vya Mlima Mweusi, akayakusanya kwenye bwawa la Saint-Ferréol, akayaelekeza kwa mifereji midogo hadi Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya juu kabisa. Kutoka hapo upande mmoja yanateremka kuelekea Atlantiki, mwingine kuelekea Mediterania. Alifariki Oktoba 1680, miezi michache kabla mfereji haujafunguliwa 1681.

Lami inakwenda kama kilomita 50 kutoka Toulouse. Jumapili ile watu walikuwa wengi sana kilomita za mwanzo, familia nzimanzima, kwa hiyo tumia kengele na punguza mwendo. Kivuli ni cha miti ya platani, na hapa niseme jambo la kusikitisha. Ukungu unaoua platani uligunduliwa kwenye mfereji mwaka 2006, na tangu hapo maelfu ya miti imekatwa na kuchomwa, hasa upande wa Carcassonne, kisha miti ya aina nyingine ikapandwa. Atakayekwenda abakie kwenye njia rasmi, wala asifunge hema au mashua kwenye miti hiyo. Majeraha ya magome ndiyo mlango wa ugonjwa.

Naurouze tulifika saa saba mchana. Kuna mnara uliosimamishwa na wazao wa Riquet mwaka 1827, na bustani yenye miti mikubwa, na mahali maji kutoka mlimani yanapoingia mfereji. Tulikaa pale tukala dengu za Agen. Familia moja kutoka Carcassonne ilitusogezea tikiti maji nusu zima, na mtoto wao wa kike, kama miaka tisa, akatueleza habari yote ya Riquet bila kukosea mwaka hata mmoja.

Baada ya Naurouze lami inakwisha na changarawe inaanza. Baiskeli yenye tairi nyembamba sana itapata tabu. Kilomita 12 hadi Castelnaudary tulizipita taratibu. Sifa ya mji ni cassoulet, maharage meupe yaliyopikwa kwa saa nyingi na nyama ya bata na nguruwe. Sisi tuliuliza kwenye mgahawa wa bandarini kama wana maharage bila nyama. Mpishi mwenyewe alitoka, akasema yake yote yameshachanganywa, akatupikia kimanda cha mayai na uyoga kwa euro 11.

Treni za mkoa kutoka Castelnaudary kurudi Toulouse zinachukua chini ya saa moja, na baiskeli haikulipiwa. Nafasi ni chache, na Jumapili jioni kila mtu anarudi kwa wakati mmoja. Ya saa kumi na moja ilijaa, hatukupanda. Iliyofuata tulisimama mbele kabisa ya jukwaa, upande ambao behewa lenye alama ya baiskeli husimama, tukaingia wa kwanza. Nenda stesheni saa moja kabla, au panda Jumatatu.